Kiwanja Kilicholala

Msomaji, kati ya nyumba yenu na shule yako kipo kiwanja usichokitazama. Wapita kando yake asubuhi ukiikimbilia kengele, wapita tena jioni ukiikimbilia sufuria, wala hujapata kusimama. Pengine kipo nyuma ya zahanati, pengine chini ya tangi la maji, pengine mwishoni mwa uwanja wa shule yenyewe, pale ambapo mpira ukiangukia hutumwa mtoto mdogo kwenda kuutafuta kwa kuwa wakubwa waogopa nyoka. Majani yake yafika kiunoni. Zimo chupa zilizovunjika, yamo matairi makuukuu, na yumo mbuzi mmoja asiyejulikana mwenyewe. Ukimwuliza mtu, "Kiwanja hiki ni cha nani?" atakujibu bila kufikiri, "Si cha mtu." Jibu hilo ndilo ninalotaka kupigana nalo hapa, na nakusihi usome hata mwisho kabla hujaamua kuwa upande wangu au upande wa majani.

Nasema kwamba hakuna ardhi isiyo na mtu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 61, yatangaza kuwa ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya, wakiwa taifa zima, wakiwa jamii, au wakiwa mtu mmoja mmoja. Basi kiwanja kile kina mwenyewe. Ama ni cha mtu aishiye mbali anayengoja bei ipande, ama ni cha kaunti, ama ni cha shule, ama ni chetu sote. Na kilicho chetu sote ndicho kilicho hatarini zaidi, kwa sababu kila mmoja adhani kuwa jirani yake anakilinda.

Tena hakuna ardhi isiyo na kazi. Usipoipa kazi wewe, itapewa kazi na mwingine, wala hatakuuliza. Kwanza huja takataka. Mtu mmoja hutupa maganda ya ndizi usiku. Wa pili huyaona maganda asubuhi, akajiambia kuwa hapa ni jaa. Wa tatu huleta gari zima. Kisha huja giza, maana mahali pachafu hapapitwi na watu wema baada ya magharibi, na pasipopitwa na watu wema hupitwa na wengine. Mwisho wa yote huja mtu aliyevaa vizuri. Huyu haji usiku. Huja mchana na mafundi, na mawe, na saruji, na karatasi mfukoni, na baada ya siku tatu unaona ukuta mahali ulipokuwa ukiona majani. Hapo ndipo mtaa mzima huamka na kulia kwamba ardhi yetu imenyakuliwa. Yetu! Jana ilikuwa si ya mtu.

Usidhani nakutisha kwa hadithi. Mwaka 2003 serikali iliunda tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ichunguze namna ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na taarifa yake ikatoka mwaka 2004. Wachunguzi hao walikuta viwanja vya shule, misitu, hifadhi za barabara na viwanja vya michezo vimegeuzwa kuwa mali ya watu binafsi. Na kama miaka hiyo yaonekana mbali nawe, kumbuka tarehe 19 Januari 2015, pale wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, jijini Nairobi, walipotoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walitoka na walimu na wanaharakati wakausukuma ukuta huo kwa mikono, na polisi wakawatupia watoto wale moshi wa kutoa machozi. Ukuta ulianguka, uwanja ukarudi kwa shule. Walikuwa watoto wadogo kuliko wewe. Lakini niulize jambo ambalo halikuulizwa sana siku zile: ni viwanja vingapi vilivyochukuliwa ambavyo havikuwa na mtoto wa kuvililia, kwa kuwa hapana aliyecheza ndani yake, wala aliyelima?

Profesa Wangari Maathai alilijua swali hili kabla yetu. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Uhuru Park, akatukanwa mno, na jengo halikujengwa. Januari 1999 alikwenda na wenzake kwenye lango la msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu wa kujenga majumba, na huko akapigwa hata akatoka damu kichwani. Tazama walichokuwa wamechukua mikononi siku hiyo. Walikuwa na miche ya miti. Mama yule alifahamu kuwa mche ulio ardhini ni shahidi asiyenunulika, kwa maana wasema: hapa pana mtu anayepatunza, na kesho atarudi kunyunyiza maji.

Basi neno langu kwako ni hili. Kiwanja kile kilicholala na kiamshwe, nacho kiamshwe kwa jembe, na jembe lishikwe na watu wa mtaa wakiwa pamoja, wewe ukiwa miongoni mwao. Sisemi shamba la mwalimu mkuu, wala la mwakilishi wa wadi, wala la mfadhili atakayepiga picha na kuondoka. Nasema bustani ya jamii: watu walio jirani walime pamoja, wale pamoja, na wawe na daftari moja.

Nasikia unavyonung'unika. Wasema, "Mimi sikuletwa shuleni kulima." Hapa ndipo mahali penye uchungu, nami sitapaharakisha.

Nani aliyekufundisha kuwa jembe ni aibu? Si baba yako, maana yeye au baba yake alikula kwa jembe. Nadhani ni shule iliyokufundisha. Mimi nilisoma katika shule ambayo mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Aliyeshindwa hesabu za sehemu alipewa jembe, na aliyezipata akaketi kivulini akimtazama mwenzake akitoka jasho. Kulikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya madarasa tulichokiita kwa jina la mwalimu wa zamu, na sijapata kuona kitu kikiota pale, kwa sababu aliyekuwa akikilima hakukusudia kiote. Alikusudia saa ya adhabu ipite. Tulipata kukichimba kipande hicho mara arobaini kwa mwaka bila kutia mbegu hata moja. Kisha siku ya sherehe ya kutunukiwa zawadi alikuja mgeni akatuhutubia kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Tulipiga makofi. Kila mmoja wetu aliapa moyoni kuwa akikua atakuwa kitu kingine chochote.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni, baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliamuru watu wa Murang'a wachimbe makinga-maji milimani ili mvua isichukue udongo. Elimu yenyewe haikuwa mbaya, kwani kweli udongo ulikuwa ukienda. Lakini kazi ilifanywa kwa lazima, chini ya macho ya machifu, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Mwaka 1948 wanawake wale walikataa. Waliacha majembe, wakaandamana, wakakamatwa. Jambo lililokuwa na faida likachukiwa kwa sababu ya mkono uliolishika. Nawe ukilichukia jembe leo, jiulize kama walichukia jembe lenyewe au mkono uliokupa.

Maana kabla ya amri hizo, watu wetu walikuwa wakilima pamoja bila ya kusukumwa. Wakikuyu waliita ngwatio, Wakamba mwethya, Wakisii risaga, Wajaluo saga. Jina ni mbalimbali na kazi ni moja: leo sisi sote kwako, kesho sisi sote kwangu, na mwenye shamba hupika. Hapakuwa na mwenye zamu aliyesimama kivulini. Hata vyama vya 4-K shuleni, ambavyo jina lao ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilijengwa juu ya fikira hiyo katika miaka ya mwanzo ya 1960, vikalala usingizi mrefu, vikaamshwa tena na serikali mwaka 2021. Chama hicho kikiwapo shuleni kwako na kazi yake ikawa kuimba siku ya wageni, kosa si la jina.

Labda utasema kuwa haya ni mambo ya mashambani, na wewe ni mtu wa mji. Basi twende mjini. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, nchi ilipowaka, Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Reli iling'olewa, maduka yaliteketezwa, na bei ya mboga ikapanda wakati mifuko ya watu ilikuwa mitupu. Katika mwaka 2008 mambo mawili yalitokea hapo ambayo kila kijana wa Kenya angepasa kuyajua. La kwanza ni magunia. Watu wasio na ardhi hata ya kutandika mkeka walijaza gunia udongo na samadi, wakapanga kokoto katikati ili maji yashuke hata chini, wakatoboa matundu ubavuni, wakapanda sukuma wiki na mchicha kuzunguka gunia zima. Gunia moja mlangoni likawa shamba. La pili lanigusa zaidi. Kundi la vijana, ambao baadhi yao walikiri kuwa walikuwa wakiishi kwa wizi, walilikabili jaa lililokuwa karibu na reli, wakazoa takataka za miaka mingi kwa mikono yao, wakaleta udongo na mbolea, wakafanya bustani ya mboga. Udongo ulipopimwa ukaonekana una madini yasiyofaa, nao hawakukata tamaa. Walipanda alizeti kwanza, kwa sababu alizeti hufyonza baadhi ya madini hayo. Wezi wa jana walijifunza kemia kwa sababu walikuwa na shamba. Wewe una mwalimu wa kemia na huna shamba.

Huko Dandora pia, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zilipangwa kuzunguka nyua za pamoja ili watoto wapate mahali pa kuchezea. Nyua hizo zilikuwa za wote, yaani si za mtu, na unajua sasa kilichozipata: zikawa majaa madogo katika mtaa ambao tayari una jaa kubwa kuliko yote jijini. Katika miaka ya 2010 vijana wa mtaa walianza kuzisafisha mmoja baada ya mwingine, wakatia rangi kuta, wakapanda maua na mboga, wakaweka malango, na ua ukishindana na ua. Hawakungoja jaa kubwa liondoke kwanza. Lingali pale.

Sasa nikuungamie kosa langu, usije ukadhani nimezaliwa na hekima hii. Miaka kadhaa iliyopita mimi na majirani wenzangu tisa tulikiona kiwanja kama hicho chako. Tulikuwa na moto mwingi. Jumamosi moja tukafyeka, Jumamosi ya pili tukatifua, ya tatu tukapanda maharagwe, na mvua ikatusaidia. Hatukumwuliza mtu yeyote. Tuliambiana kuwa kiwanja si cha mtu. Naam, maneno yale yale ninayoyapiga vita leo niliyasema kwa kinywa changu. Maharagwe yalipokuwa katika maua, trekta lilikuja. Mwenye trekta alitoa karatasi, na karatasi ilikuwa ya haki. Alituuliza kwa upole kwa nini hatukumtafuta, maana asingetukataza kulima hata siku yake ya kujenga. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, nikakosa pa kuanzia. Kwa dakika kama ishirini kazi ya miezi miwili ililala chini ya magurudumu, na wenzangu saba kati ya tisa hawakurudi kushika jembe pamoja nami tena.

Kwa hiyo kabla ya jembe ije kalamu. Tafuta kwanza mwenye kiwanja. Wazee wa mtaa wana kumbukumbu. Chifu ana habari. Ofisi ya ardhi ina sajili, na mtu yeyote aweza kulipa ada ndogo na kuomba upekuzi akipata nambari ya kiwanja. Kikiwa cha mtu binafsi, mwandikieni barua ya heshima mkiomba kulima kwa misimu michache, na mwahidi kuondoka akikihitaji baada ya kuvuna. Wengi hukubali, kwa sababu kiwanja kilicholimwa hakijai takataka wala wavamizi. Kikiwa cha shule, liendeeni baraza la shule. Kikiwa cha kaunti, iendeeni kaunti, wala msiende kama ombaomba: Kaunti ya Nairobi, kwa mfano, ilitunga sheria mwaka 2015 ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa hiyo huko hamtakuwa mkiomba jambo la ajabu. Mkiandikiana, pigeni nakala tatu. Neno la mdomo la mkubwa wa ofisi hudumu kadiri ya kukaa kwake katika kiti.

Na kabla ya kalamu yaje macho. Si kila udongo wafaa kuliwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia madini ya risasi katika udongo, maji na miili ya watoto mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza vita hivyo, akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mahakama ikawahukumia wakazi fidia mwaka 2020. Risasi haina harufu, wala mboga iliyoifyonza haibadiliki rangi. Basi uliza kiwanja kilikuwa nini zamani. Kama palikuwa karakana ya magari, au mahali pa kuchomea nyaya, au pakandamana na barabara kuu, pandeni maua na miti, na mboga mzipande katika magunia yenye udongo ulioletwa kutoka pengine. Tena msinyunyize mboga kwa maji ya mfereji wa maji machafu. Najua wapo wanaofanya hivyo, na najua mboga zao hustawi kuliko zenu. Kipindupindu nacho hustawi.

Mkisha kuwa na ruhusa na udongo mwema, kazi iliyosalia ni nyepesi kuliko unavyofikiri, nayo ni hesabu tupu. Chukua kipande cha mita 10 kwa mita 5. Sukuma wiki huachiwa sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na 45 kati ya mche na mche. Gawanya mwenyewe, utapata miche ipatayo 180, na ukiacha njia za kupita haitapungua sana 150. Mche mmoja ukitunzwa huchumwa majani kwa miezi kadhaa bila kung'olewa. Kando yake pandeni mboga za wazee wetu ambazo shule imezisahau: mnavu, mgagani, kunde, mchicha. Mchicha ndio wa kuanzia, kwa kuwa baada ya majuma manne au matano uko mezani, na watu wasiosubiri watapata kitu cha kuwafunga mdomo. Mbolea haihitaji fedha. Maganda ya jikoni, majani makavu, majivu kidogo na samadi ya yule mbuzi asiye na mwenyewe, vikilundikwa kwa zamu, vikanyunyizwa maji na kugeuzwa kila baada ya majuma mawili, baada ya miezi mitatu huwa mboji nyeusi isiyonuka. Maji ndiyo mazito. Kama hakuna paa la kuvuna mvua karibu, na mtaa wenu hununua maji kwa mtungi, punguzeni ukubwa wa bustani mpaka ulingane na mitungi mnayoweza kuibeba wakati wa kiangazi. Bustani nyingi hazifi kwa uvivu. Hufa mwezi wa Januari na Februari.

Wapo wapinzani wawili wanaostahili kujibiwa. Wa kwanza husema, "Mtaiba wenyewe kwa wenyewe." Huyu anajua watu. Mboga iliyo kando ya njia huchumwa na mpita njia, na mshika hazina huweza kuchuma usiku kuliko wote. Kwa hiyo pawe na daftari, maana wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kila aliyefika kazini aandikwe, kila fungu lililotoka liandikwe, na daftari lisomwe mbele ya wote mwisho wa kila mwezi. Mstari wa mwisho ulio kando ya njia pandeni, kisha mwandike kibao kuwa ni wa mwenye njaa, achume bila kuuliza. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini limejaribiwa katika mtaa ninaoujua, na wizi katika mistari mingine ulipungua. Mtu hupata haya kuiba mahali anapokaribishwa. Si wote, lakini wanatosha.

Wa pili ni mkali zaidi, nami namheshimu. Husema, "Serikali imeshindwa kutuletea maji, kuzoa taka na kushusha bei ya unga, na wewe wawaambia maskini wajilimie sukuma wiki wanyamaze." Lau bustani ingekuwa kwa kunyamazisha, ningekuwa upande wake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho bora, na haki hiyo hailipwi kwa fungu la mchicha. Mita 50 za mraba hazitailisha familia hata moja; hazina mahindi, hazina maharagwe ya mwaka mzima. Asemaye kuwa bustani itamaliza njaa ya Nairobi hajapata kuona gunia la unga likiisha. Lakini tazama linalotokea watu kumi wanapolima pamoja. Wakikosa maji, hukosa wote siku moja, nao huenda wote kumi ofisini kuuliza, wakiwa na daftari mkononi. Takataka zikitupwa juu ya miche yao, hazikutupwa mahali pasipo na mtu. Na yule mtu aliyevaa vizuri akija na mafundi wake, hakuti majani. Akuta akina mama wanachuma mboga, na wanafunzi waliovaa sare, na barua yenye muhuri. Mtaa uliokuwa haujui majina ya majirani una mkutano kila mwezi. Mimi sijui shule ya uraia iliyo bora kuliko hiyo, wala sijui mpinzani huyu amfundishapo mtu kudai haki yake kama si mahali anapoikosa pamoja na wenzake.

Wewe huwezi kuanzisha peke yako, wala hupaswi. Tafuta mwalimu mmoja asiyelitumia jembe kama fimbo. Yupo, pengine ni yule wa jiografia. Tafuta bibi mmoja wa mtaa aliyepata kulima, maana atajua kwa kidole kile ambacho kitabu hueleza kwa kurasa nne. Tafuta wenzako sita, na wawili kati yao wawe watu wenye kupinga kila jambo, kwa kuwa hao wakishakubali hawaondoki. Kazi za mikono zigawanywe sawa kwa wavulana na wasichana. Nimeona bustani ambayo wasichana walichota maji mwaka mzima na wavulana wakasimama siku ya mavuno kupigwa picha. Hiyo ni Murang'a ya mwaka 1948 imerudi ikiwa na sare.

Mvua za masika hutazamiwa mwezi wa Machi. Miche ya sukuma wiki hukaa kitaluni majuma manne hadi sita, basi mbegu yafaa iwe udongoni mapema Februari. Mboji huhitaji miezi mitatu, basi lundo la kwanza liwekwe Novemba. Kabla ya lundo hapana budi pawe na ruhusa, na ofisi hukawia kujibu. Barua na iondoke katika muhula wa tatu, kabla shule hazijafungwa. Iandike leo jioni, kwa mwandiko wa kusomeka, itaje nambari ya kiwanja, ukubwa wake kwa mita, majina ya wanaoomba na misimu mnayoitaka. Acha nafasi chini ya sahihi yako kwa sahihi ya yule bibi.